Riali Moja, Flashi Tatu

Anayetaka kujifunza kupangia kitu kidogo flashi mbili tatu, ushauri wangu ni kwamba aiweke kando pete ya tanzanaiti aliyotamani kuanza nayo, atafute sarafu kuukuu ya fedha. Pete ina jiwe linalopitisha nuru, ina madini yanayoirudisha, tena ina umbo lisilo na mbele wala nyuma. Hayo ni matatizo matatu kwa mpigo. Sarafu ina tatizo moja tu: ni kioo kilichochakaa chenye vilima na mabonde. Nalo linatosha kumaliza jioni nzima.

Picha ninayoichambua safari hii ni ya riali ya Maria Theresa. Wasomaji wa pwani wanaijua. Kama hawakuishika, waliiona shingoni mwa bibi. Ina kipenyo cha milimita 39.5, uzito wa gramu 28 na chembe, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Upande mmoja yupo malkia mwenyewe, kaelekea kulia, kajitanda shela. Upande wa pili yupo tai wa vichwa viwili. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki, hata zile zilizopigwa chapa Roma na London katika miaka ya 1930. Unguja ya karne ya 19 ilihesabia karafuu na pembe kwa riali hizi, na Oman iliendelea kuzitumia karibu mpaka ilipotoa sarafu yake ya kisasa mwaka 1970. Masonara wa pande zote mbili waliziyeyusha wakafua vikuku na hirizi. Hii ya kwetu ilinusurika moto, ila ilitobolewa juu ikafanywa kidani.

Sonara aliyeniazima alinipa sharti moja: "Mwanangu, ukiisugua ujue umeinunua." Alikuwa akiitetea thamani ya mali yake, lakini bila kujua alikuwa akinisaidia kazi. Ule weusi uliojificha kwenye mikunjo ya shela na kandokando ya herufi ni kivuli cha bure, tena kisichohama ukisogeza taa. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza kivuli hicho, na hakuna flashi itakayokirudisha. Kwa hiyo nilipuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira na kuishia hapo.

Sasa tuone kamera inaona nini. Sarafu imelala, kamera iko juu yake kwenye tripodi, lenzi ya makro ya milimita 100 inatazama chini wima. Ili sarafu ienee na ibaki nafasi pembeni, fremu ilifunika milimita 48 kwa upande wake mfupi. Sensa yenyewe ina milimita 24 upande huo, kwa hiyo ukuzaji ni nusu. Kati ya lenzi na sarafu palibaki kiasi cha sentimita 25.

Weka kioo bapa mahali pa sarafu hiyo, kisha ufuatishe mistari ya nuru. Kanuni ni ile ya shuleni: pembe ya kuingilia ni sawa na pembe ya kutokea. Ukitazama kutoka lenzini, kioo cha milimita 40 kinakuonyesha, kwenye kimo cha lenzi, duara lisilozidi milimita 80. Na ndani ya duara hilo kuna nini? Kuna uso wa lenzi wenyewe, mweusi tii, na ukingo wake. Ndiyo maana uga wa sarafu, yaani ile sehemu bapa nyuma ya kichwa cha malkia, hutoka mweusi hata ukiuzungushia flashi kumi. Hizo flashi zote ziko nje ya duara. Zitaviwasha vilima, kwa sababu mteremko wa pua au wa herufi umeinama kuelekea taa fulani, lakini uga utabaki unakutazama kwa jicho la lenzi yako mwenyewe.

Kitabu cha Fil Hunter na Paul Fuqua, *Light: Science and Magic*, kilichotoka mwaka 1990, kimejengwa juu ya wazo hilo: kila kitu kinachong'aa kina familia yake ya pembe, na taa iko ndani ya familia hiyo au iko nje. Hakuna katikati. Anayelielewa hili huacha kuuliza "niongeze taa ngapi?" na huanza kuuliza "sehemu hii ya sarafu inatazama wapi?" Wengi hununua flashi ya nne wakati kilichokosekana mezani ni karatasi nyeusi ya manila.

Kabla ya flashi yoyote kuwaka kuna kazi mbili za maandalizi. Ya kwanza ni kuifanya lenzi iitazame sarafu sawasawa. Kwa f/11 na ukuzaji huo, kina kinachoonekana kikali ni karibu milimita 4. Kinatosha kwa vilima vya sarafu, lakini hakitoshi kama imeinama. Iinamishe nyuzi 15 tu, na upande mmoja utakuwa juu ya mwingine kwa sentimita nzima. Dawa yake ni kioo kidogo cha mkobani: kilaze mahali pa sarafu, tazama kwenye kamera, rekebisha tripodi mpaka uione lenzi imejiona katikati ya kioo. Kisha weka sarafu juu ya kizibo cha chupa, na chini ya kizibo tandika kitambaa cheusi. Kitambaa kikiwa sentimita tano chini ya sarafu, nyuzi zake hazionekani na vivuli vinaangukia mbali, mahali ambapo havimsumbui mtu.

Ya pili ni kuiua nuru ya uongo, namaanisha mwanga wa chumbani. ISO 100, f/11, shata 1/160. Piga bila flashi. Picha iwe nyeusi kabisa. Isipokuwa nyeusi, taa ya darini itaingiza rangi yake ya manjano kwenye fedha, na hutajua ilikotoka. Kwa mpangilio huo chumba cha kawaida cha nyumbani hakina ubavu wa kuandika chochote kwenye sensa. Faida ya pembeni ni kwamba shata haigandishi tena mtikisiko. Kazi hiyo inafanywa na flashi. Nikon SB-900, kwa mfano, ikiwa kwenye nguvu kamili huwaka kwa takriban 1/880 ya sekunde, lakini ikiteremshwa mpaka 1/16 huwaka kwa 1/10,000 tu. Lori likipita barabarani na meza ikatetemeka, picha haina habari. Harold Edgerton wa MIT alijenga maisha yake yote juu ya jambo hilo, na picha yake ya taji la tone la maziwa ya mwaka 1957 bado inaning'inia kwenye kuta za watu.

Kumbuka pia kwamba f/11 ya makro si f/11 ya picha ya harusi. Lenzi inapokuza, nuru husambaa: zidisha namba ya tundu kwa moja jumlisha ukuzaji. Kwetu ni 11 mara 1.5, yaani 16.5. Ukifika ukuzaji wa moja kwa moja, f/11 inakuwa f/22, na umepoteza stopu mbili. Hii ni sababu moja ya kutumia flashi badala ya balbu za mezani.

Baada ya hapo ndipo flashi ya kwanza, peke yake. David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la The Baltimore Sun na ambaye kuanzia mwaka 2006 aliwafundisha maelfu ya watu kutumia flashi ndogo nje ya kamera, ndiye aliyeeneza mtindo wa kujenga picha taa moja moja. Sioni namna nyingine ya kujifunza. Ukiwasha tatu kwa pamoja na picha ikawa mbaya, utamshitaki nani? Na zote ziwe kwenye mkono, si kwenye otomatiki. Otomatiki hupima upya kila mara, na kwenye sarafu yenye uga mweusi na mng'aro mweupe hupima vibaya. Unasogeza karatasi sentimita mbili, flashi nayo inabadili nguvu, na hutajua kipi kimesababisha nini.

Flashi hii ndiyo ya kumchonga malkia. Niliiweka upande wa juu kulia, kati ya namba 1 na namba 2 kama sarafu ingekuwa uso wa saa, kwa sababu malkia ameelekea huko: paji la uso, pua na kidevu vipate nuru, shela iangukie kivulini. Upande wa juu si wa hiari. Ubongo wetu umezoea nuru itokayo juu. Ukiimulika sarafu kutoka chini, vilima hugeuka mashimo na malkia huonekana ameng'olewa badala ya kuinuliwa. Jaribu, inachekesha.

Ikiwa uchi, flashi hiyo ilitoa kitone cheupe kwenye shavu na kwenye kila ushanga wa bruchi yake. Uso wa flashi una upana wa sentimita kama saba. Kwenye kilima kilichopinda unakuwa nukta. Nikasimamisha mbele ya sarafu karatasi ya kuokea keki, upana sentimita 20, umbali sentimita 15, kimo chake nyuzi 30 kutoka mezani, na flashi nyuma yake. Hapa udogo wa kitu ni neema. Karatasi ya sentimita 20 kwa sarafu iliyo mbele yake ni pana kuliko dirisha la mita mbili kwa mtu aliyekaa mita mbili kutoka dirishani. Anayepiga picha za magari huhitaji karatasi ya ukubwa wa ukuta. Sisi tunaikata kwa mkasi.

Kuna jambo moja kuhusu karatasi hiyo ambalo huwashangaza waliozoea kupiga sura za watu. Kwa sura, ukiisogeza taa kutoka sentimita 40 hadi 20, nuru inakuwa mara nne. Ni sheria ya kinyume cha mraba. Kwa madini yanayong'aa, ukiisogeza karatasi mbali, mng'aro wake haupungui ukali. Unapungua ukubwa tu. Kinachoonekana kwenye kilima ni picha ya karatasi yenyewe, na karatasi haififii kwa kutazamwa kutoka mbali. Basi ukitaka mng'aro upungue ukali, teremsha nguvu ya flashi au irudishe flashi nyuma ya karatasi. Ukitaka mng'aro uwe mwembamba, rudisha karatasi. Hivyo ni vitasa viwili tofauti. Niliishia nguvu ya 1/16, flashi ikiwa sentimita 20 nyuma ya karatasi, upande mmoja zaidi kuliko mwingine ili karatasi isiwake sawasawa. Karatasi iliyowaka sawa huacha fedha bapa kama bati. Ile inayofifia kuelekea ukingo hutoa fedha yenye uzito.

Flashi ya pili ilikuwa na kazi ndogo, na nusura niiondoe. Upande wa kushoto, penye namba 10 ya saa, mikunjo ya shela na herufi za jina zilikuwa zimezama. Niliiteremsha mpaka nyuzi 15 kutoka mezani, nuru ikawa inapita juu ya sarafu kwa kuparuza, na nikaifunga mdomo kwa fungu la mirija myeusi ya soda iliyokatwa sentimita tano na kugandishwa kwa selotepu. Mirija huzuia nuru kutawanyika, ikatoka mwale mwembamba. Nguvu 1/64. Zaidi ya hapo ilileta kivuli cha pili cha pua, na pua yenye vivuli viwili ni alama ya kazi ya haraka. Kipimo changu kwa taa yoyote ya kusaidia ni kuizima na kutazama upya: kama hakuna kilichopungua, irudi begini. Hii ilipozimwa, herufi tatu zilififia. Ikabaki.

Kufikia hapo malkia alikuwa ameumbika, lakini uga ulikuwa bado na weusi wa lenzi, na sonara alitaka watu waone kwamba hii ni fedha. Ndipo ilipoingia flashi ya tatu, ambayo kwa macho ya mgeni haimuliki sarafu kabisa.

Tumeshaona kwamba uga unaitazama lenzi. Basi nuru lazima itoke lenzini. Haiwezekani kuweka flashi mbele ya lenzi, lakini inawezekana kuweka kioo. Nilitoa kioo cha fremu ya picha, chembamba cha milimita mbili, nikakisimamisha kati ya lenzi na sarafu kwa mwinamo wa nyuzi 45, kimo cha kutosha ili mwanga wa flashi mbili za kwanza upite chini yake. Flashi ya tatu ilikaa ubavuni, ikipiga kioo kwa mlalo kupitia kipande cha karatasi ileile ya keki. Kioo huigeuza sehemu ya nuru hiyo chini wima, inagonga uga, inarudi juu ilikotoka, inapenya kioo na kuingia lenzini. Uga mzima ukawaka rangi ya fedha, na weusi wa zamani kando ya herufi ukajitokeza kana kwamba umeandikwa upya kwa wino.

Mbinu hii ina gharama yake. Kioo cha kawaida kwa nyuzi 45 hurudisha karibu sehemu moja ya kumi ya nuru tu. Tisa hupita moja kwa moja na kugonga chochote kilicho upande wa pili. Kama ni ukuta mweupe, ukuta huo utaakisiwa na mgongo wa kioo kuelekea lenzini, na picha nzima itafunikwa na ukungu. Manila nyeusi upande huo ni lazima, na ikiwezekana kitambaa cha mahameli juu yake. Nguvu nayo ilibidi iwe 1/8, mara mbili ya ile ya kwanza, ingawa nilihitaji mguso tu. Kioo kiwe kisafi. Alama ya kidole huonekana kama wingu.

Nilipoipandisha flashi hiyo mpaka uga ukawa mweupe, malkia alipotea. Vilima na uga vilifanana, tofauti ikabaki kwenye mistari tu, kama mhuri. Kwa mtaalamu wa sarafu anayetaka kusoma kila herufi hiyo ndiyo picha sahihi, lakini kwa kidani cha bibi haifai. Uga wa kijivu cha kati, vilima vikiwa juu yake kwa stopu moja hivi na vivuli chini yake, ndio uliokubalika. Wakati nikitafuta mahali hapo sikugusa flashi ya kwanza wala ya pili. Kila moja ilikuwa na sehemu yake ya sarafu, na sehemu hizo hazikuingiliana sana. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanga taa na kurundika taa.

Mtu ataniuliza kuhusu kichujio cha polaraizi, maana kila duka la kamera husema kinaondoa mng'ao. Kwenye maji na kwenye vanishi, kweli. Kwenye madini matupu hakina msaada, kwa kuwa mng'ao wa madini haujachujwa mwelekeo. Utapoteza stopu moja na zaidi bila kupata kitu. Kuhusu kuziwasha zote kwa wakati mmoja, triga za redio ni raha, lakini kwa meza ndogo jicho la flashi linatosha: moja inawashwa na kamera, nyingine zinaiona na kufuata. Kwenye hizo zinazofuata, chagua modi ya S1 ikiwa flashi kuu iko kwenye mkono. S2 ni ya kuruka ule mwako wa awali wa otomatiki, na ukiichagua pasipohitajika flashi zako zitakaa kimya nawe utadhani betri zimekufa.

Mwenye flashi moja tu asikate tamaa. Nuru hujumlishwa. Kamera ikiwa imetulia kwenye tripodi, piga fremu tatu, kila moja na flashi ikiwa mahali pake tofauti, kisha uzijumlishe kwenye kompyuta, ukipandisha na kushusha kila moja utakavyo. Kwa kujifunza uwiano wa taa sijaona mwalimu bora, kwa sababu unaona mbele yako kile ambacho mezani kingekutaka uinuke na kuinama. Kwa kazi ya mteja napendelea tatu kwa pamoja. Fremu moja haina cha kulinganisha wala cha kuteleza.

Sonara alirudi na ombi la nyongeza: ukingo. Riali ya Maria Theresa ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka yakizunguka unene wake wa milimita mbili na nusu, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, na wanunuzi wazoefu huyatazama kwanza kabla ya kuamini. Hapo mpangilio wote ulivunjwa. Ukingo ni mviringo, unatazama kushoto, mbele na kulia kwa pamoja, kwa hiyo familia yake ya pembe ni pana mno kwa vioo na mirija. Nilisimamisha sarafu kwa kidonge cha udongo wa kuchezea watoto, nikapinda karatasi ya keki nusu duara kuizunguka, flashi moja nyuma yake, na vipande viwili vya manila nyeusi pembeni ili ukingo upate mipaka. Ukuzaji ulipanda hadi moja kwa moja, kina kikapungua, na maneno hayakuenea kwenye fremu. Nikawa naigeuza sarafu kidogo kidogo na kupiga upya, herufi chache kila mara, flashi nyingine mbili zikiwa begini.